Siku ya Jiko Baridi

Nilikuwa nimetumwa mwarobaini tu. Matawi mawili matatu yenye majani mabichi, na nisikawie. Ndivyo alivyoniambia Jasuben jioni ile, nami nikatoka nikinung'unika, kwa sababu nilikuwa nimeshavaa buibui la kurudia nyumbani na mguu wa kushoto ulikuwa ukiniuma tangu asubuhi.

Nasema mapema, mimi si mtu wa kuonaona mambo. Nimezaliwa Mji wa Kale, nimekulia vichochoro hivi hivi, hadithi za majini nimezisikia tangu sijaota meno na nyingi nimezicheka. Hii siicheki. Miaka kumi sijamwambia mtu kisa kizima, hata mume wangu Taib, na ningeendelea kunyamaza lau si jambo la leo. Naandika nyuma ya daftari la mwanangu. Taib akirudi kutoka Feri ayasome.

Jasuben alikuwa mjane wa Kihindi, Banyani kama tunavyosema sisi, akiishi peke yake ghorofa ya juu ya nyumba kuukuu karibu na Ndia Kuu. Mimi ndiye niliyemfulia, nikampikia, nikampigisha gumzo. Jamaa zake wote walikuwa wamehama, wengine Nairobi, wengine ng'ambo. Yeye hakutaka. Alizaliwa Mombasa, akaolewa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha watoto wa siku hizi. Binti yangu Lamis, wakati huo ana miaka sita, alikuwa akitoka chuo cha Kurani anakuja moja kwa moja kwa "Ba". Ndivyo wajukuu wa Kihindi wanavyomwita bibi yao, na Lamis alijifanya mjukuu bila kuombwa. Ba humwekea ladu moja, kile kitamu chao cha mviringo, ndani ya kikombe cha bati, akajifanya hajui ni nani aliyeila.

Kila mwaka, mwezi wa nane, kulikuwa na siku moja ambayo jiko la nyumba ile haliwashwi. Tulipika jana yake: chapati za uwatu, viazi vikavu, na mtindi wa kushushia. Siku yenyewe Jasuben hula baridi na kuoga maji baridi. Jiko analiosha mwenyewe kwa mikono yake, analipaka alama ya unga mwekundu, na juu yake huweka tawi la mwarobaini. Ni siku ya Shitala, mungu wao wa kike, mama anayepoza homa za watoto.

Mwaka wa kwanza nilimuuliza jiko lina kosa gani.

"Mamake mume wangu alinieleza hivi," aliniambia. "Mama huyu huzunguka mwaka mzima akiwatoa watoto homa. Surua, tetekuwanga, ndui ya zamani. Na akizitoa hazitupi. Huzibeba mwenyewe, mwilini. Kwa hivyo yuwaungua. Siku moja tu katika mwaka hutafuta jiko lililo baridi, ajilaze apoe."

"Na akilikuta lina moto?"

"Huungua zaidi. Na alichokibeba kikamwanguka humo humo ndani ya nyumba."

"Na hili lenu la gesi atalilalia vipi?" nikamtania. Lilikuwa jiko la meko mawili, chuma kitupu.

"Hulala palipo baridi, Mwanakhamis. Hachagui."

Baadaye, tulipozoeana, alinieleza la kwake. Alikuwa na mtoto mmoja, Bhavna, wa miaka minne. Siku ya jiko baridi, mtoto ana kikohozi, analia anataka maziwa ya moto. Mkwe wake alikuwa amelala. Jasuben akawasha jiko la mafuta, kidogo tu, kikombe kimoja, akazima. Usiku ule mtoto akashikwa na surua. Siku ya tatu akafa. Tangu hapo hadi jioni ninayoisimulia ilikuwa imepita miaka arobaini na miwili, na kila mwaka, ikifika magharibi ya siku ile, Jasuben hukaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni akimngoja Mama.

"Wataka kumwomba msamaha?"

"Hapana. Nataka kumuuliza neno moja. Kama mtoto alipoa. Alikufa yuwaungua, Mwanakhamis. Nataka kujua kama huko alikokwenda alipoa."

Nilikasirika. Ilinikasirisha kweli, mzee wa watu kujitesa namna ile. "Kosa gani kumpashia mtoto maziwa?"

"Sikusema ni kosa. Nimesema nilitenda. Karma si hakimu, mwanangu. Ni kitendo tu. Kikishatoka mkononi kitakwenda kitakapokwenda, halafu kitarudi kwa mwenyewe."

"Na mtu mwengine hawezi kukupokea mzigo, angalau nusu?"

"Hawezi. Kila mtu na chake."

Maneno hayo nimeyakumbuka mara nyingi kuliko sura yake.

Basi jioni ile, siku yenyewe ya jiko baridi, nikaenda kuchuma mwarobaini ng'ambo ya uwanja wa Makadara, Lamis nyuma yangu akirukaruka. Mawingu yalikuwa yamejaa. Kwa sababu ya mguu wangu tulirudi kwa njia ya mkato, kichochoro kile ambacho pikipiki mbili hazipishani. Katikati ya kichochoro alisimama punda.

Hakuwa na mkokoteni. Hakuwa hata na kamba.

Kando yake, kwenye baraza ya nyumba iliyofungwa, alikaa mwanamke mzee. Sikuweza kujua ni wa kabila gani. Kichwani alijitwika ungo, mkononi ameshika ufagio mfupi wa chelewa, na uso wake wote ulikuwa na makovu madogo madogo, ya ndui, kama aliyokuwa nayo nyanya yangu. Nikamtolea salamu. Hakuitika.

"Mwanangu," akasema polepole, sauti imekauka. "Mtaa huu una nyumba yenye jiko baridi?"

Nikadhani ni mwendawazimu mwenye njaa. Na mimi, kwa kujiona mjanja, nikamjibu kwa mzaha.

"Kwetu leo ni baridi tupu, bibi. Hatujawasha tangu jana. Ghorofa ya juu, mlango wa kijani."

"Umenikaribisha?"

"Nimekukaribisha."

"Umenikaribisha kweli?"

"Karibu, bibi."

Lamis, kwa adabu yake, akasogea kumpa mkono aubusu. Yule mwanamke akaurudisha mkono wake haraka, akaukumbatia kifuani.

"Asinishike. Nina joto."

Ndipo nami nikalihisi. Lilinipiga usoni kama ninapopita mbele ya tanuri la mikate. Na harufu… majani ya mwarobaini yaliyopondwa, na chini yake harufu ya nywele zilizoungua. Nikamvuta Lamis, nikaharakisha. Nilipogeuka pale pembeni, kichochoro kilikuwa kitupu.

Mvua ikatushika tukiwa bado hatujafika. Ile mvua ya kusi, ya ghafla, inayokuja kwa ubavu. Tulipanda ngazi tukiwa tumerowa chepechepe, meno ya Lamis yanagongana. Nikamvua nguo, nikamfunga kwa leso ya Ba. Nikaweka tawi moja juu ya jiko, mengine ndani ya maji. Jasuben alikuwa chumba cha ndani akisali, kengele yake ndogo inalia.

"Mama, nataka maziwa ya moto."

"Leo hakuna moto."

"Kidogo tu."

Akapiga chafya. Akaanza kulia, si kwa deko. Mtoto alikuwa akitetemeka.

Nilijua. Sitaki mtu aseme kwamba sikujua. Nilisimama mbele ya jiko lile lenye alama nyekundu na tawi juu yake, nikajiambia hii ni dini yake, si yangu. Nikajiambia ni dakika moja. Nikajiambia Mungu gani atamkasirikia mtoto kwa kikombe cha maziwa. Nikaliondoa tawi, nikawasha kiberiti.

Maziwa yalipoanza kutoa povu nikazima. Nikarudisha tawi mahali pake. Majani ya chini yakajikunja ncha. Alama nyekundu upande ule ilikuwa imegeuka nyeusi, nikaifuta kwa kidole.

Lamis akanywa, amekaa sakafuni ukumbini. Adhana ya magharibi ikaanza, msikiti mmoja, halafu wa pili. Kengele ya Jasuben ikanyamaza.

Ndipo nikasikia kwato.

Zilianza chini kabisa, mlango wa barabarani. Kwa. Kwa. Kwa. Ngazi ya nyumba ile ni ya mbao, nyembamba, mimi mwenyewe huipanda kwa ubavu. Punda hawezi kuipanda. Lakini zilipanda, bila haraka, ngazi moja baada ya nyingine, zikapita ghorofa ya kwanza, zikapita ya pili.

Zikasimama mlangoni petu.

Mlango haukufunguka. Nina hakika, nilikuwa nikiukodolea macho. Lakini ile harufu ikaingia, na joto likanipita shavuni, taratibu, kama mtu anayepita kwa adabu katika nyumba ya watu. Likaelekea jikoni. Nikataka kusoma Ayatul Kursi, nikaanza, nikapotea katikati. Aya niliyoihifadhi nikiwa na miaka saba.

Jikoni nikasikia mtu akijilaza. Ile pumzi ndefu ya mtu aliyechoka anapoweka mgongo chini, hatimaye.

Halafu…

Tssss.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alilia kidogo tu, ndani kwa ndani, kilio cha mtu aliyezoea kuumia na hakutarajia kuumizwa hapa, alipokaribishwa. Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa nyumba nzima.

Kikombe kikamponyoka Lamis.

"Mama," akanong'ona. "Kumekuwa na joto."

Nikamshika kipaji cha uso. Nikautoa mkono wangu haraka. Midomo yake ilikuwa imeshaanza kupasuka, na shingoni, mbele ya macho yangu, vipele vikawa vinatoka kimoja kimoja.

Jasuben alikuwa amesimama ukumbini na sari yake nyeupe. Alimtazama mtoto. Akatazama kikombe, na kile cheupe kilichomwagika sakafuni.

"Maziwa?"

"Maziwa, Ba."

"Yalipata moto?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilingoja anitukane, anipige hata. Alichutama kwa shida, magoti yake yakalia, akapitisha mkono juu ya nywele za Lamis.

"Hata mimi yalikuwa maziwa," akasema. Kisha akanisogelea sikioni. "Mshike mtoto. Usiingie. Na lolote utakalolisikia, usiseme neno."

Akaingia jikoni, akaufunga mlango nyuma yake.

Nilikaa sakafuni na mwanangu kifuani, anawaka. Nyuma ya mlango nikasikia ile sauti iliyokauka.

"Nilikaribishwa."

Chuma cha jiko kikalia, kama mtu anayejiinua.

"Nani amewasha?"

"Mimi," akasema Jasuben.

"Nani amewasha?"

"Mimi. Kama mwaka ule. Ni mimi tena."

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, la herufi nne, na kila mtu ndani ya nyumba ile alijua kwamba ni langu. Lamis akajinyoosha mikononi mwangu, macho yamegeuka juu.

Nikafunga mdomo.

"Maziwa ya nani?" ikauliza ile sauti.

"Ya Bhavna," akasema Jasuben. Alisema kwa upole, kama mtu anayetaja jina la mtoto aliye chumba cha pili. "Ya Bhavna wangu."

Kisha nikasikia tena, tssss, na safari hii aliyeguna alikuwa Jasuben.

Kwato zilishuka polepole kuliko zilivyopanda. Zilipofika barabarani sikuzisikia tena. Jasho lilimtoka Lamis, jingi, likaniroweshea kifua. Adhana ya isha ilipolia alikuwa amelala, baridi, shingo safi haina kipele hata kimoja. Asubuhi yake aliamka anataka ladu.

Jasuben nilimkuta amekaa sakafu ya jikoni, mgongo ukutani. Mwili wake ulikuwa ukiunguza. Nilimnywesha mtindi kwa kijiko, nalia, namwambia Ba nisamehe, Ba ningesema. Hakunisikiliza. Alikuwa akitazama jiko.

"Sikupata kumuuliza," akasema. "Miaka yote hii. Amekuja, nami sikupata nafasi ya kumuuliza."

Akafa siku ya tatu. Daktari alisema ni mapafu, na uzee, na huenda ni kweli, maana mimi si daktari. Lakini wanawake wa hekaluni waliokuja kumwosha waliniita kando. Mgongoni mwake kulikuwa na alama mbili za duara, zilizoungua, ukubwa sawa na meko ya jiko. Waliniuliza nani alimchoma mzee huyu. Nikatazama chini. Hawakuniuliza tena, lakini hawakunipa mkono.

Waliichoma maiti yake, kama dini yao inavyotaka. Nilisimama nje ya ua. Moshi ulipopanda nikakaa chini pale pale kwenye mchanga. Mwanamke aliyeukimbia moto miaka arobaini na miwili.

Tangu hapo, kila mwaka, humuuliza mama mmoja anayeshona maua karibu na hekalu lao, naye hunitajia tarehe. Siku hiyo jiko langu haliwaki. Taib hudhani gesi imekwisha, au nimesusa, ananunua viazi karai barabarani na kunicheka. Nilimwendea shehe mmoja nikamweleza nusu, akaniambia nitubu, na mambo ya majini niachane nayo. Nimetubu. Lakini kumwacha mzee aseme uongo kwa niaba yangu, nikanyamaza, toba yake sijui inaombwaje. Na Ba mwenyewe alikuwa ameshaniambia. Mtu hawezi kumpokea mwenziwe. Alichukua kitu kisichobebeka, akakibeba kidogo tu, hadi mlangoni. Chenyewe kilibaki changu.

Kwa miaka tisa hakuna aliyekuja. Nilianza kusahau.

Leo ndiyo siku yenyewe. Jiko nililiosha jana, tawi nikaliweka. Alasiri nilikwenda Kibarani kumjulia hali shangazi yangu mgonjwa, na kurudi nikakwama kwenye magari pale Makupa hadi adhana ya magharibi ikanipita. Niliingia nyumbani mbio. Lamis, ana miaka kumi na sita sasa, mrefu kunishinda, alikuwa mezani na vitabu vyake. Jiko halikuwa limewashwa. Nikashusha pumzi.

"Mama," akasema bila kuinua kichwa. "Kulikuja bibi mmoja."

"Bibi gani?"

"Mzee. Ana ungo kichwani. Nilitaka kumbusu mkono akakataa. Nikampa maji baridi."

Nikakaa.

"Alitaka nini?"

"Alikuwa kama amechanganyikiwa. Aliuliza maziwa yalikuwa ya nani."

Sijawahi kumsimulia. Alikuwa na miaka sita, na homa. Nilimuuliza mwaka uliofuata kama anakumbuka kitu, akaniambia anakumbuka ladu.

"Ukamjibu nini, Lamis?"

"Nilimwambia yalikuwa yangu." Akanitazama kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyejishangaa mwenyewe. "Si yalikuwa yangu, mama?"

Nikainuka, nikamshika kipaji. Kilikuwa baridi. Nikamshika shingoni, mikononi, nyuma ya masikio. Baridi, alhamdulillahi, baridi.

"Kisha akauliza nani aliyeyapasha. Mimi nikamwambia sijui, mama hayuko, ngoja arudi umuulize mwenyewe."

"Naye?"

"Akasema atangoja."

"Wapi?"

Lamis akanyoosha kalamu kuelekea jikoni.

Mlango umefungwa. Mimi huwa siufungi. Nimemtuma Lamis kwa jirani yetu Fairuz, nikamwambia alale huko huko na asiulize. Nimevuta kigoda nimekaa hapa nje ya mlango, naandika, isha imeshaadhiniwa muda sasa. Sisikii kitu ila pumzi, ndefu, za mtu aliyelala mahali palipo baridi. Harufu ya mwarobaini imejaa ukumbini. Ile nyengine, ya nywele, bado haijaja.

Taib, mtunze mtoto. Mimi nikimaliza mstari huu nitabisha hodi na kuingia. Nitamwambia ni mimi, kabla hajauliza. Na akinipa nafasi ya neno moja zaidi, sitajiombea. Nitamuuliza kama Bhavna alipoa.